Miezi Mitatu, Jicho Moja

Huwaonea wivu watu wanaocheza mpira jioni, kwa sababu mwenye mpira akiaga nyumbani huwa ameaga kweli, na hakuna atakayemfuata uwanjani kumwuliza ufunguo wa kabati umewekwa wapi. Starehe yangu mimi ni kupaka rangi visanamu vya askari, kazi inayofanyika nikiwa nimeketi kimya mezani, na mtu aliyeketi kimya ndani ya nyumba yake mwenyewe huhesabiwa kuwa hana kazi.

Kisanamu chenyewe kina milimita 28, kipimo ambacho wengi hukihesabu kuanzia unyayo hadi usawa wa macho, kwa hiyo askari mzima, pamoja na bunduki, mkoba na hasira zake zote, anajificha nyuma ya kidole gumba changu. Udogo huo ndio unaowapotosha watu. Mke wangu aliponiona na askari yule yule kwa juma la tatu aliniuliza kwa ule upole wake unaouma: "Mume wangu, huyu si mdogo tu? Kinachokuchelewesha ni nini?"

Nilimweleza kwamba udogo ndio unaochelewesha, na kwamba kabla ya rangi kuna kukwangua kwa kisu ule mshono unaoachwa na kalibu, kuna kuosha, kisha kuna kubandika mikono kwa gundi, ambapo siku moja nilikibandika kidole changu kwenye bega la askari, nikaenda kumfungulia mgeni mlango tukiwa wawili. Baada ya hapo huja rangi ya msingi, nayo ikiwa ya kupuliza haitaki upepo wala unyevunyevu. Siku zisizo na upepo wala unyevunyevu ni zile zile ninazotakiwa kupanda juu ya paa kuziba panapovuja.

Rangi zenyewe ni za akriliki, ambazo hukauka maji yanapotoka, na hapo ndipo ninapoonewa waziwazi. Ukizipaka nzito zinafukia pua, midomo na vifungo vya koti, hivyo huna budi kuzipunguza makali kwa maji, upake utando mwembamba, usubiri ukauke, kisha upake wa pili. Waliosema haraka haraka haina baraka bila shaka walikuwa na jioni nzima mikononi. Mimi nikiitwa kidogo tu kushika ngazi au kutafuta kiatu kilichopotea, narudi na kukuta tone langu la rangi limekuwa gamba. Nimejaribu kutandaza karatasi juu ya sponji yenye maji ili rangi ibaki mbichi, na kweli ilibaki mbichi, mpaka mtu mwenye nia njema alipoiosha sponji na kuipeleka jikoni.

Wajuzi hushauri kupaka kwa mafungu, yaani umalize viatu vya askari 10 kwanza, kisha suruali za wote, na hivyo hivyo kupanda juu. Niliufuata ushauri huo, na leo ninao askari 10 wenye viatu vinavyong'aa na wasio na nyuso.

Kisha nilikosea, nikapiga hesabu. Askari mmoja hunichukua saa 3, na kikosi changu ni cha askari 40, basi zinahitajika saa 120. Nikijumlisha vipande vyote vya muda ninavyovinyakua, napata nusu saa kwa juma, kwa hiyo kikosi kitakamilika baada ya majuma 240, ambayo ni zaidi ya miaka 4 na nusu, mradi nisinunue askari mwingine hata mmoja. Nimekwisha kununua wengine 20, kwani kununua hakuhitaji muda.

Juzi nilibahatika, nyumba nzima ikalala mapema. Niliwasha taa, nikakaa na sajini wangu, ambaye kwa miezi mitatu alikuwa amekamilika isipokuwa macho. Zamani nilinunua brashi namba 000 nikidhani ndiyo dawa, kumbe brashi nyembamba kiasi hicho hubeba rangi kidogo mno, ikakauka njiani kabla ya kufika jichoni. Kinachotakiwa ni ncha kali, na brashi namba 1 yenye ncha nzuri inatosha kabisa. Basi nikagandamiza viganja pamoja ili mikono isitetemeke, nikazuia pumzi, nikaweka doa jeusi katikati ya weupe wa jicho la kulia. Likakaa sawasawa. Kwa furaha nilinyanyua bilauri nijipongeze, nikameza fundo zima la maji ya kusafishia brashi.

Nikiwa bado nakohoa, nikaligeukia jicho la kushoto, brashi ikiwa unywele mmoja tu kutoka usoni.

"Baba!" Sauti ilitoka mlangoni. "Mbona unakohoa?"

Sajini sasa anatazama mbele kwa jicho la kulia, na kwa jicho la kushoto anamtazama aliye nyuma ya sikio lake. Mwanangu alimkagua kwa makini, akasema ni vizuri, maana adui hataweza kumvizia. Nimemgeuza uso ukutani, na leo nimeambiwa nisichelewe, kuna ngazi ya kushikwa.