Honi siyo breki

Wiki iliyopita nilikuwa kwenye foleni ya Barabara ya Mandela, karibu na Buguruni, gari limezimwa kabisa. Kushoto kwangu, kwenye ule ukanda mwembamba kati ya lami na mtaro, alikuwa anapita kijana na baiskeli ya Phoenix kuukuu, trei za mayai zimepandana kwenye karia mpaka zinamfikia mabegani, kazifunga kwa mipira ya tyubu. Anapiga pedeli taratibu, hana papara.

Nyuma ikatokea daladala inatanua. Waliowahi kukaa foleni za Dar hawahitaji maelezo: dereva kachoka kusubiri, kaamua kupita pembeni, tairi mbili kwenye lami na mbili kwenye vumbi. Akamkuta kijana mbele yake. Hakupunguza mwendo, alichofanya ni kupiga honi moja ndefu, ya kukausha masikio.

Kijana akageuza shingo kulia kuangalia. Baiskeli nayo ikamfuata, ikaja moja kwa moja ubavuni kwangu, akaishia kudaka kioo changu cha pembeni ili asianguke. Trei ya juu ikateleza. Konda akachungulia dirishani: "Kaa pembeni wewe!" Wakapita kushoto kwake, mayai yanachuruzika kwenye lami.

Asiyeendesha baiskeli atasema kijana kajitakia, kwa nini akaja upande wa magari? Jaribu mwenyewe. Panda baiskeli, halafu tazama nyuma kwa bega la kulia. Mkono wa kulia utavuta usukani bila wewe kuuamuru. Ukiwa na mzigo wa juu kama ule, uzito unakusukuma zaidi. Kwa hiyo honi ya ghafla, tunayoipiga tukidhani tunamwondoa mtu njiani, ndiyo inayomwingiza njiani.

Mimi nimekulia Tanga. Pale baiskeli haina mwenyewe: mwalimu yumo, fundi yumo, mama mwenye buibui na mtoto nyuma yumo. Honi zipo, lakini mara nyingi ni kijisauti kifupi, tena kwa mbali, kama mtu anayebisha hodi. Sitaki kusema watu wa Tanga wana roho nzuri kuliko wa Dar (ingawa shangazi zangu wangependa niseme hivyo). Ni kwamba dereva wa kule mara nyingi naye kaacha baiskeli nyumbani. Anajua mwili unafanya nini ukishtuliwa kwa nyuma.

Nirudi kwenye hilo "kaa pembeni". Pembeni ni wapi? Kwenye barabara zetu nyingi pembeni ndiko mchanga unakokusanyika, ndiko vipande vya chupa vilipo, na ndiko lami ilikomegeka ikaacha ngazi ya kiganja kizima kwenda chini. Tairi la mbele likishuka pale, kulipandisha tena kwa pembe ndogo ni kujitafutia mweleka. Ndiyo maana mimi nikiwa kwenye baiskeli nakaa kama mita moja kutoka ukingoni, na ninatukanwa kwa hilo. Nikijibana ukingoni kabisa, dereva anaona nafasi, anapita akiniparuza kiwiko. Nikikaa ndani kidogo, analazimika kuniovateki kama chombo kingine chochote. Uingereza waliporekebisha kanuni zao za barabara mwaka 2022 waliliandika waziwazi: ukimpita mwendesha baiskeli, hata kwa mwendo mdogo, mwachie walau mita 1.5. Ni kama mlango wa gari ukiwa wazi kabisa, na nusu yake tena. Hakuna nafasi hiyo? Basi subiri. Kwa spidi 50, ambayo ndiyo mwisho kwenye makazi hapa kwetu, gari linakula karibu mita 14 kila sekunde. Honi haipunguzi hata moja.

Na sisi wa baiskeli tuna yetu. Kuna wanaokuja kinyume, usiku, hawana taa wala riflekta, wamevaa nguo nyeusi, hao siwatetei. Lakini kosa ninaloliogopa zaidi tunalifanya mchana kweupe: kujipenyeza kushoto kwa roli lililosimama kwenye mataa. Rafiki yangu dereva wa roli aliwahi kunipandisha kwenye kiti chake, akamwambia utingo wake asimame na baiskeli yangu chini ya mlango wa kushoto. Nikatazama kioo, nikainama, nikanyoosha shingo. Sikuona mtu wala baiskeli. Roli likikata kona ya kushoto, tairi za nyuma hazifuati njia ya zile za mbele, zinakata ndani zaidi, pale pale ulipo wewe na mguu wako mmoja chini. Tangu siku ile nikifika kwenye mataa nasimama nyuma ya roli, nivute moshi wake mpaka liondoke.

Njia za baiskeli? Barabara ya Morogoro, hapa Dar, tulijengewa, sambamba na njia ya mabasi ya mwendokasi. Nenda saa kumi na moja jioni uone nani anazitumia: bodaboda, meza za machungwa, magari yaliyoegeshwa. Unarudi kwenye lami na honi zako.

Siku ile ya mayai nilishuka, nikamshikia baiskeli akafunga upya trei zake. Nikamuuliza mbona haogopi. Akacheka: "Kaka, honi zote ukizisikiliza hufiki Kariakoo. Siku hizi sigeuki. Leo tu imenikuta ghafla."

Akiamua kutogeuka tena, hata ile honi moja ya kweli, ya roli lililokatika breki, ataisikia kama zile nyingine.

Pembeni kote mbele kulikuwa kumejaa waliotanua, kwa hiyo foleni ilipoanza kusogea akaingia kwenye lami mbele yangu. Nikakaa nyuma yake, gia ya kwanza, mpaka mataa. Nyuma yangu wakaanza kunipigia mimi.