Stendi inapohama, nani aliulizwa?

Makambako haikuhitaji kampeni ya kuvutia wawekezaji. Barabara kuu ya Dar es Salaam kwenda Tunduma inakutana pale na ile ya Njombe na Songea, reli ya TAZARA nayo inapita hapo hapo, na gari likisimama abiria anashuka. Anayeshuka ananunua chai, vocha, mahindi ya kuchoma. Usiku ukimkuta akisubiri gari jingine, anatafuta gesti. Miji yetu mingi midogo imekua kwa gari kusimama. Ndiyo maana stendi ikae wapi ni uamuzi mzito kuliko karibu yote ambayo halmashauri ya mji hufanya, na ndio uamuzi ambao wafanyabiashara huusikia wa mwisho.

Nimeuona mji mmoja ukipitia jambo hili. Stendi mpya ilijengwa nje ya mji, nzuri kwa macho: sakafu ya vitofali, vyoo safi, fremu za zege zimepangwa mstari. Mabasi yakawa yanaingia, yanalipa ushuru, yanatoka. Abiria wenyewe walikuwa wameshashukia pale pale pa zamani, maana nani atampa bodaboda pesa ya ziada na gunia lake la viazi? Mama mmoja muuza chai alilipia kizimba ndani. Saa tatu asubuhi chupa zake mbili zilikuwa bado zimejaa. Wiki ya tatu akahamia nje ya geti, kando ya lami, na huko akaanza kukimbizana na mgambo.

Maofisa wa mipango miji wana hoja, na si ndogo. Stendi ya zamani ilipangiwa mabasi machache. Leo imebanwa na maduka, mitaro imeziba, na moto ukiwaka gari la zimamoto halipiti. Kupanua pale pale ni kulipa fidia ambayo halmashauri haina, na fedha za mradi zina muda wake, zisipotumika zinarudi. Mpangaji anatakiwa aone mji wa miaka 20 ijayo. Tena wanaopiga kelele zaidi stendi isihame mara nyingi ni wenye fremu wanaolinda kodi zao.

Hapo mwisho ndipo ninapotofautiana nao. Mwaka 2014 zilipojengwa maabara za shule za kata, wafanyabiashara hawa hawa walipelekewa barua za michango. Mwaka 2016 ikawa madawati. Mwenge ukikaribia, barua yenye muhuri inafika dukani, na mwenye duka anaandikwa kwenye orodha kama mdau wa maendeleo. Akifungua mdomo kuhusu stendi, anaitwa mbinafsi. Ana maslahi, ndiyo. Lakini maslahi yake na ya halmashauri yamefungwa kamba moja kuliko tunavyokubali kusema.

Chukua ushuru wa huduma. Kwa miaka mingi umetozwa asilimia 0.3 ya mauzo. Ya mauzo, si ya faida. Ukiitamka inasikika kama kitu kidogo sana, lakini kaa na mwenye duka la jumla la sukari na unga upige naye hesabu. Tuseme anauza milioni 500 kwa mwaka, na baada ya gharama anabaki na asilimia 2, yaani milioni 10. Ushuru wake ni milioni 1.5. Hiyo ni asilimia 15 ya kilichobaki mfukoni, na TRA bado hajaifikia. Sasa stendi ihame na mauzo yashuke kwa theluthi moja. Kodi ya fremu haishuki, mshahara wa kijana wa dukani haushuki, faida inaweza kufutika yote, na bado anadaiwa ushuru wa milioni moja. Halmashauri nayo imepoteza laki tano kwa duka moja tu. Hesabu mtaa mzima.

Tena haiishii hapo. Sheria inataka asilimia 10 ya mapato ya ndani iwe mikopo ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, kwa hiyo duka la jumla likidorora, kikundi cha wafuga kuku nacho kinaguswa. Na tangu 2021 kodi ya majengo inakatwa kupitia luku, nje ya mikono ya halmashauri, jambo linaloifanya imtegemee mfanyabiashara zaidi. Kumsikiliza kabla ya kuchora ni kulinda kapu la halmashauri yenyewe.

Vyombo vya kumsikiliza vipo. Baraza la Taifa la Biashara lilianzishwa 2001, na chini yake yapo mabaraza ya wilaya yanayoongozwa na mkuu wa wilaya. Tatizo ni kwamba mara nyingi ajenda hutoka ofisini ikiwa imeshaiva.

Hofu kubwa ya maofisa naiheshimu: ukitangaza eneo mapema, wenye pesa watanunua viwanja vyote jirani na fidia itapaa. Lakini usiri haujawazuia. Umewapa nafasi wale wenye sikio ofisini wanunue kwanza, wakati muuza nguo wa kawaida anajua siku vigingi vinapopigwa. Afadhali kutaja maeneo matatu yanayofikiriwa, kila moja likiwa limethaminiwa tayari, kisha watu waseme.

Wasemaji nao wasiwe wenye maduka makubwa peke yao. Kenya, katika Sheria ya Maeneo ya Mijini na Majiji ya 2011, iliweka kwenye bodi za manispaa nafasi ya sekta binafsi na nyingine, peke yake, ya vyama vya sekta isiyo rasmi. Gavana bado ana mkono mrefu katika uteuzi, ila angalau sheria imekiri kwamba mwenye ghala na mwenye meza ya nyanya si sauti moja.

Kwetu, mradi wa kuboresha miji wa ULGSP uligusa miji 18, na ule wa TACTIC unaoufuata unagusa 45, kwa barabara, masoko na stendi. Kwa mji ambao michoro yake bado iko mezani, kazi ni ndogo: bandika ramani za maeneo hayo matatu kwenye mbao za matangazo za sokoni, uwaite mama lishe, bodaboda, makondakta na wenye maduka, na kwa wiki mbili, siku ya mnada ikiwemo, uhesabu nao abiria wanashukia wapi, saa ngapi, na wamebeba nini.