Gari langu la 1992 najua kila lilipougua

Jana nimetoka kwa mkaguzi wa magari huku Uingereza na karatasi yangu, gari limepita, ila chini kaandika onyo moja: chuma cha chini ya mlango wa kushoto kimeanza kushika kutu. Nimekaa ndani ya gari pale nje nikaisoma hiyo sentensi mara tatu. Mtu kapitisha kinyundo kidogo akigonga gonga, kasikia mlio umebadilika, kaandika alichosikia basi. Nikalipa, ada yenyewe kisheria haiwezi kuzidi pauni 54 na peni 85, tukaagana. Hakuna chai, hakuna "tuongee pembeni".

Najua mshaanza, huyu keshasahau kwao Malindi. Ngojeni kwanza nimalize.

Gari ni Mazda MX-5, injini 1.6, viti viwili, paa la turubai, inasukuma kwa magurudumu ya nyuma. Nguvu zake ni kama farasi 115 tu lakini ni jepesi, halifiki tani moja, ukikata kona unaihisi barabara mpaka mgongoni. Nimelinunua kwa pesa ambazo bodaboda tatu mpya hupati, kwa hivyo wale wa "wenzetu mna hela" tulieni, nafanya kazi zamu ya usiku na spana nashika Jumamosi.

Kabla sijaenda kuliona niliandika namba yake ya pleti kwenye tovuti ya serikali, bure kabisa, ikanitolea ukaguzi wake wote tangu 2005. Maili zake kila mwaka, mwaka lilipofeli kwa breki ya nyuma, mwaka lilipochomelewa chuma cha chini. Mwenye gari mwenyewe akanionyesha bahasha ya risiti, hata ya plagi. Nikajua naingia wapi. Taimingi belti, ule mkanda wa ndani ya injini, rekodi yake haikuwepo, na hiyo inatakiwa kubadilishwa kila maili 60,000, nikaanza nayo pamoja na wota pampu maana ukishafungua pale ni upuuzi kufungua mara mbili. Halafu springi na shokamzoba fupi zaidi, bushi mpya zote, breki pedi za nguvu. Bima nikawaambia kila kitu nilichobadilisha, kwa sababu ukificha halafu ukagonga wanaweza kukataa kukulipa.

Sasa linganisha na pikapu ya mjomba. Ilinunuliwa Mombasa ikisoma kilomita 68,000, mjomba kaipigia dua, tukaichinjia na kuku. Haijamaliza mwaka, siku moja imebeba samaki inatoka Ngomeni ikazima baada ya Mambrui, samaki wote wakaoza pale. Kufungua injini, silinda zimelika, pedali ya klachi imebaki chuma kitupu, mpira wote umeisha. Hiyo ni kilomita 68,000 ya wapi, si mita imerudishwa nyuma? Na lawama yote akabebeshwa nani? Fundi! Fundi ndiye "aliyeiua".

Hapo ndipo panaponiuma mimi, na ndio maana naandika. Msije mkaniambia natukana mafundi wa kwetu. Fundi wa Barani, kule Malindi, aliyenifundisha spana alikuwa anaweka bisibisi sikioni, ncha ameigusisha kwenye injini, anakwambia beringi ya altaneta inakufa, wiki mbili haitimizi. Wallahi huku sijamuona mtu wa kumfikia. Huku kitu kikiharibika wanatoa wanatupa, yeye alikuwa anakichonga upya. Lakini mtu huyo kafanya kazi kipofu maisha yake yote! Gari linakuja halina historia, spea imeandikwa oriji kwenye boksi ndani ni bati, nati anakaza kwa kukisia mkono kwa sababu hakuna aliyewahi kumpa kitabu cha gari kinachosema magurudumu haya kaza kama niutoni-mita 100. Mimi mwanafunzi wake nina kitabu, nina spana ya torki inayopima nguvu ya kukaza, nina rekodi ya miaka ishirini, nikifanya kazi nzuri mnanisifu mimi. Si haki.

Kuna atakayesema hayo ni ya nchi tajiri. Daftari la shilingi hamsini ni utajiri? Mwenye gari akiandika tarehe, kilomita, na kilichobadilishwa, akampa mnunuzi bila kuchana kurasa, hapo serikali gani inahitajika? Na atakayesema basi lilete Malindi tulione, ndugu yangu sheria ya Kenya ya kutoingiza gari lililozidi miaka minane unaijua kama ninavyoijua, la 1992 haliingii, na sheria hiyo siilaumu.

Kutu nayo nilidhani nimeiacha pwani. Huku wanamwaga chumvi barabarani wakati wa baridi ili barafu isishike, inalila gari kwa chini kama upepo wa bahari unavyokula mabati ya Shella. Na MX-5 ina vijitundu nyuma ya viti vya kutolea maji ya paa, vikiziba na majani maji yanaishia kwenye hicho hicho chuma cha chini ya mlango.

Nimempigia picha Fundi nikamtumia, chuma na karatasi ya onyo. Kajibu kwa sauti, dakika nne, kwanza kaniuliza chuma cha mlango wa kulia nimekigonga gonga nikasikiliza au nimeamini karatasi tu. Sijakigonga. Jumamosi nalipandisha juu nianze na hicho.