Wa Baharini Nawala, wa Kwangu Nawapepea

Msimu wa korosho uliopita nilipata vijisenti. Wenye akili walinunua bati, wengine wakaongeza mke. Mie nikanunua samaki. Saba, wa dhahabu, nimewatoa Dar kwa basi, wamo kwenye mfuko wa nailoni uliojazwa hewa, nimewapakata njia nzima kama mtoto mchanga. Mtu wa Shangani ya Mtwara, bahari pua na mdomo, sijui nilitumwa na nani.

Juzi saa mbili usiku umeme ukakata. Mtaa mzima ukaguna "aaah!", kila mmoja na tamthilia yake. Mie nilichosikia ni kimya cha pampu ya hewa ya tangi la samaki. Ile pampu ikiwaka inanguruma mpaka Mama Sharifa anatishia kuitupa, ila ikinyamaza, moyo wangu ndio unaanza kunguruma. Na gesi ya kufulia umeme iko hapo Mnazi Bay, iligunduliwa mwaka 1982, bomba likavutwa zaidi ya kilomita 500 mpaka Dar. Mie jirani yake nimeuma tochi kwa meno.

Saa tatu hazijatimia, samaki washapanda juu, midomo inabwabwaja kwenye uso wa maji kama wazee waliocheleweshewa kahawa. Maji yakipata joto hayashiki hewa, na huyu wa dhahabu asili yake ni wa maji ya baridi. Kumleta Mtwara mwezi wa Desemba ni uonevu, nakubali.

Nikachukua kata ya kifuu ya mama mkwe. Chota, inua, mimina toka juu, kama muuza chai anavyoipoza kwa vikombe viwili. Maji lazima yapigwe na hewa ndipo yavute pumzi. Dakika tano namimina, kumi napumzika, jasho linadondokea humo humo. Nikasikia sauti toka kitandani:

"Baba Sharifa, mwaka wa tisa huu, mie umenipepea lini?"

Sikujibu. Nilikuwa na tochi mdomoni.

Sharifa naye kaamka, kashika kopo la chakula. "Baba, tuwape wale wapate nguvu." Nikamdaka mkono. Chakula kikibaki kinaoza, kinamaliza hata hiyo hewa kidogo iliyopo. Samaki mzima anakaa siku mbili bila kula na wala hanuni. Mie ugali ukichelewa saa moja, nyumba haikaliki.

Aliyeniudhi ni yule samaki wangu mwingine, beta, anayekaa peke yake kwenye chupa kwa sababu ya ugomvi. Yeye kaumbwa na kiungo cha kuvutia hewa ya juu, hii hii yetu. Anapanda, anabugia funda moja, anashuka zake. Ananitazama navyohangaika na kata. Ningejua ningenunua beta saba na chupa saba.

Saa saba maji yamekuwa ya kuogea mzazi. Nikaenda kumgongea jirani, mvuvi, alikuwa anajiandaa kutoka.

"Shikamoo mzee. Naomba barafu."

"Marahaba. Umepata samaki?"

"Ninao saba."

"Wameshaanza kuharibika?"

"Hapana mzee, wazima. Wanasikia joto."

Akaninyanyulia kibatari usoni, akanikagua macho. Barafu akanipa, ila kwa upole ule wa kumpa mgonjwa. Nikaijaza kwenye chupa, nikafunga kizibo, nikaiacha ielee tangini, maana kumwaga barafu ndani kwa pupa ni kuwaua kwa baridi.

Umeme ukarudi saa kumi alfajiri. Hapo napo usikurupuke kuwasha filta, ile inayochuja maji. Sponji yake ikilala bila maji kupita inaoza, ukiwasha unawarudishia uchafu wote. Nikaisuuza kwa maji niliyochota kwenye tangi lenyewe. Ya bomba yana dawa, yanaua wale vijidudu wanaosafisha. Ndipo nikawasha, ikanguruma, nikakaa chini kama mtu aliyetoka mazikoni.

Saa mbili asubuhi jirani katoka baharini, kaleta changu watatu kwenye kamba. "Wagonjwa wako wameamkaje?" Wameamka wote saba. Mama Sharifa akawakaanga changu, akatenga pale pale sebuleni mbele ya tangi, kwa makusudi, namjua.

Nikageuza kiti, nikawapa mgongo, nikala.