Mtoto Kulia Si Kosa, Kosa ni la Ukuta

Jumanne alfajiri nikitoka kwenda kazini nilikuta kikaratasi kimesukumwa chini ya mlango wangu. Kilikuwa kimechanwa kwenye daftari, mwandiko wa haraka. "Habari jirani. Samahani sana kwa kilio cha mtoto usiku. Ana wiki tano na tumbo linamsumbua. Najitahidi. Mama Baraka, 4B." Nilikisoma nikiwa nimesimama mlangoni, begi begani, kisha nikarudi ndani nikaketi kitandani.

Mama anaomba msamaha kwa sababu mtoto wake wa wiki tano analia.

Nilijua kimetoka wapi. Usiku wa kuamkia siku hiyo, kwenye kundi la WhatsApp la ploti, mtu wa 4D aliandika kwamba hajalala siku tatu. Wa 3B akamuunga mkono. Keateka, msimamizi wa ploti, akafunga mjadala kwa kumwandikia yule mama mbele ya ploti nzima: "Mtulize mtoto ama utafute kwingine." Hakuna aliyemtetea. Mimi mwenyewe nilisoma, nikanyamaza, na ukimya ule unaniuma mpaka sasa ninapoandika.

Mkaaji yeyote wa Roysambu, Zimmerman, Umoja au Pipeline anajua ninachozungumzia. Unajua jirani ameweka alamu saa ngapi. Unajua ni nani anakohoa, nani amegombana na mumewe, nani anaangalia marudio ya mpira. Tumezoea kiasi kwamba tunafikiri hayo ndiyo maisha ya Nairobi, na jibu letu ni moja tu: jirani anyamaze. Mimi nakataa. Jirani anaishi. Anapika, anaoga, anaongea na simu, analea. Aliyekosa ni aliyesimamisha ukuta usiofanya kazi ya ukuta, akatukodisha.

Acha niwaambie nilichokiona kwa macho yangu. Jumamosi iliyofuata nilizima stima kwenye swichi kuu, nikachukua bisibisi nikafungua soketi iliyo karibu na kitanda changu, kwa sababu nilikuwa nimegundua kwamba nikilalia upande ule ndipo sauti inakuwa kali zaidi. Skrubu mbili tu. Nilipovuta kile kifuniko cheupe, nyuma ya waya niliona mwanga. Mwanga wa manjano wa balbu ya Mama Baraka. Nikasikia harufu ya vitunguu vikikaangwa. Na nikamsikia akisema, "Basi baba, basi baba yangu," kama mtu aliyeweka mdomo sikioni mwangu.

Fundi wa stima alikuwa ametoboa ukuta mara moja. Soketi yangu upande huu, yake upande ule, masanduku mawili yamegusana migongo, na pembeni hakuna aliyejaza hata kijiko cha sementi. Alijiokolea kazi ya nusu saa. Miaka yote hiyo wapangaji waliopita 4B na 4C wamekuwa wakilala chumba kimoja bila kujua.

Watu hudhani tundu dogo si kitu. Ni kitu kikubwa sana. Chukua ukuta wa mita za mraba 10, yaani ukuta wa kawaida wa chumba. Utoboe tundu la sentimita 10 kwa 10, ukubwa wa kiganja. Kuanzia hapo ukuta huo hauwezi kupunguza sauti kwa zaidi ya desibeli 30 (desibeli ni kipimo cha ukali wa sauti), hata ungekuwa umejengwa kwa zege la unene wa mita moja. Uzito wote ule unakuwa bure, kwa sababu sauti hupita panapopita hewa. Na soketi si moja. Kuna ya televisheni, kuna bomba la maji lililopitishwa kwenye tundu kubwa kuliko lenyewe, kuna shafti ya hewa ambamo madirisha ya bafu zetu zote yanafungukia. Mlango wa chuma una uwazi wa kupitisha kidole chini yake. Kwa wale wa ghorofa ya juu kabisa ni balaa zaidi: mara nyingi ukuta wa kati huishia kwenye dari, na juu ya dari nyumba zote zina paa moja na hewa moja.

Kisha kuna mawe yenyewe. Mawe ya Ndarugo, yale ya machimbo yanayojengea ploti nyingi hapa, ni mazuri, sina ugomvi nayo. Ugomvi wangu ni jinsi yanavyopangwa. Fundi anatandika mota, ule mchanganyiko wa sementi na mchanga, vizuri chini ya jiwe, lakini kule kwenye viungo vya kusimama, jiwe linapokutana na jiwe mwenzake, anapaka kidogo kwenye ukingo na kuacha katikati wazi. Jengo halitaanguka kwa hilo, kwa hiyo hakuna anayelalamika. Halafu plasta inapigwa nyembamba na siri inafunikwa. Plasta nzito pande zote mbili ingesaidia sana, kwa kuwa huziba vinyweleo vya jiwe na nyufa, lakini mara nyingi ni pale tu inapoonekana. Nyuma ya makabati na juu ya dari ukuta unaachwa uchi.

Uzito nao una maana yake. Nilizaliwa Mombasa, Mji wa Kale, katika nyumba ya nyanya yangu iliyojengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa. Kuta zilikuwa nene hivi kwamba sisi watoto wawili tulikaa ndani ya upenyo wa dirisha, miguu juu, tukila mabuyu. Shangazi alijifungua chumba cha pili mtoto mwenye mapafu ya simba, na nyanya akalala usingizi wake wote. Nikikumbuka nyumba ile naona waliokuwa wakijenga walimfikiria atakayelala ndani. Lakini najua pia kwamba hatuwezi kujenga Kasarani kwa kuta za nusu mita. Ukiongeza uzito wa ukuta mara mbili unapata takriban desibeli 6 tu za ziada, na sikio linahitaji kama 10 ili lihisi kelele imepungua nusu. Kwa hiyo unene peke yake ni njia ghali. Ndiyo sababu nimekazania matundu na viungo. Hapo ndipo pesa kidogo inafanya kazi kubwa, na hapo ndipo tunapoibiwa.

Mwenye nyumba ataniambia habari ya gharama. Haya, namkubalia kwamba jiwe la inchi tisa ni ghali kuliko la inchi sita, na kwamba kwenye kiwanja cha futi hamsini kwa mia kila inchi ya chumba ina kodi yake. Ila sementi ya kujaza kiungo haili nafasi ya mtu. Kusogeza soketi ya jirani hatua moja kushoto hakumpunguzii chumba.

Mniruhusu niseme neno kuhusu trei za mayai, kwa sababu kijana wa 5A amebandika ukuta mzima kwa trei na gundi, na sasa wengine wanaiga. Trei za mayai hazizuii sauti. Hata ile sponji nyeusi ya studio haizuii. Inapunguza mwangwi ndani ya chumba chako, basi, na sauti inaendelea na safari yake kwa jirani. Trei ni karatasi na hewa, haina uzito wa kusimamisha chochote. Isitoshe, hushika moto upesi, na sisi tunaishi kwenye majengo yenye ngazi moja. Tafadhali zitoeni.

Kelele ya nyayo na viti vinavyoburutwa juu ya kichwa chako ni jambo jingine, kwa sababu hiyo haiji kupitia hewa, inapita ndani ya slabu yenyewe, ile sakafu ya zege. Hiyo inatibiwa inapozaliwa. Zulia husaidia. Nimekata patipati kuukuu vipande vidogo nikabandika chini ya miguu ya viti vyangu, na jirani wa chini amenishukuru kwenye ngazi.

Na ndiyo, kuna watu wa sabufa. Ile besi hata ukuta mzuri hupenyezwa nayo, kwa hiyo mtu huyo aambiwe azime na azime. Sheria ipo: kanuni za kelele za mwaka 2009, zinazosimamiwa na NEMA, mamlaka ya mazingira ya Kenya, zinaruhusu desibeli 35 tu ndani ya makazi usiku, na usiku wao unaanza saa mbili jioni. Nazipenda kanuni hizo. Lakini zinamtafuta anayepiga kelele. Ukuta hazijaugusa, na mtoto mchanga hawezi kupelekewa notisi. Uingereza, tangu 2003, ukuta kati ya nyumba mbili mpya unatakiwa kupunguza sauti kwa desibeli zisizopungua 45, na kawaida watu wenye vyombo huja kupima nyumba kadhaa kabla ya funguo kutolewa. Mjenzi akifeli, anarekebisha kwa gharama yake. Hilo ndilo ninalolitaka hapa, hasa sasa ambapo maghorofa yanaota kila mtaa na nyumba za bei nafuu zinajengwa kwa maelfu. Mkaguzi anayekuja kuangalia nguzo na choo aje pia na kipima sauti. Apige kelele chumba hiki, apime kile. Ni kazi ya asubuhi moja.

Jumapili nilimgongea Mama Baraka. Alifungua mlango mtoto begani, na kabla sijasalimia akaanza, "Dada, pole sana, jana usiku alikuwa…" Nilimshika mkono nikamwambia, "Mama Baraka, usiniombe msamaha tena. Njoo uone kitu." Nikampeleka kwangu nikamwonyesha ile soketi. Alichungulia, akaona kochi lake, khanga yake juu ya kochi. Akanyamaza kidogo, halafu akasema kwa sauti ya chini kwamba tangu atoke hospitali hajawahi kumwimbia mtoto usiku. Alikuwa akiogopa tutamsikia.

Fundi alikuja siku iliyofuata. Alizima stima pande zote mbili, akajaza mota kuzunguka masanduku ya soketi mbili na ya televisheni, kwangu na kwake, akaziba tundu la bomba. Kazi ya saa tatu, sementi isiyofika nusu ndoo. Mtoto bado namsikia, sitawadanganya, ila ni kama yuko nyumba ya tatu. Maneno ya mama yake siyasikii tena. Kwenye kundi la ploti nimeandika kila kitu na picha, na nimemwomba keateka afute ule ujumbe wake. Hajafuta.

Kando ya ploti yetu kuna jengo jipya linapanda, sasa liko ghorofa ya pili. Jana jioni nilipita nikasimama kwenye kokoto, jua likiwa linashuka upande wa pili, na ukuta mzima ulikuwa unang'aa vijistari. Mwanga ulikuwa unapita katikati ya mawe, kiungo baada ya kiungo. Nilimwita msimamizi nikamwonyesha. Akanijibu kwa upole, "Dada, hiyo itafunikwa na plasta." Nikamwambia watu watalala hapo, na watoto watazaliwa hapo. Akatazama ukuta tena, akasema atazungumza na mwenye kazi.

Plasta inaanza wiki ijayo. Nitapita kila jioni kabla jua halijazama.