Maegesho ya bure kando ya mnara wa kumbukumbu: nani hasa anayafaidi?

Kila mara uongozi wa jiji unapotangaza kwamba maegesho yanayouzunguka mnara maarufu wa kumbukumbu yatalipiwa, au yatawekewa ukomo wa saa mbili, au yataondolewa kabisa katika uwanja ulio mbele yake, malalamiko huwa ni yale yale. Husemwa kwamba mnara ni mali ya umma na kumtoza mtu anayekuja kuutazama ni kumfungia mlango, kwamba wazee na watu wenye ulemavu ndio watakaoumia, na kwamba biashara za jirani zitakosa wateja. Hoja hizi zina uzito wake, na baadhi yake nitazikubali hapa chini. Hata hivyo, upande unaotetea tozo na ukomo umekuwa ukieleweka vibaya kwa muda mrefu, kana kwamba unawachukia wenye magari, ilhali ukiusikiliza kwa utulivu utagundua kwamba anayetetewa zaidi ni yule yule dereva anayezunguka mtaa mara tatu bila kupata pa kusimama.

Siku moja ya mapumziko nilikaa karibu nusu saa kando ya mnara wa aina hiyo, mahali ambapo kuegesha hakulipiwi na hakuna ukomo wa muda. Gari moja jeupe lilinipita mara nne. Mara ya kwanza watoto wa kiti cha nyuma walikuwa wamebandika nyuso kwenye kioo wakiutazama mnara. Mara ya nne mmoja wao alikuwa amelala, na baba yao hakuwa na habari ya mnara tena, macho yake yakifuata taa za nyuma za magari yaliyoegeshwa, akiomba walau moja iwake. Nyuma yake gari jingine lilisimama katikati ya njia na kuwasha taa za tahadhari, kijana akateremka na kumshusha bibi yake kwenye kiti cha magurudumu pale pale barabarani, huku honi zikilia. Nafasi iliyochorwa alama ya watu wenye ulemavu ilikuwapo, hatua chache tu kutoka pale, lakini ilikuwa imekaliwa na gari dogo la mizigo ambalo dereva wake sikumwona muda wote niliokuwa pale. Nafasi zote za eneo lile zilikuwa za bure. Hakuna hata moja iliyokuwa wazi.

Tofauti hiyo kati ya nafasi ya bure na nafasi iliyo wazi ndiyo kiini cha jambo lenyewe, na ndiyo inayopotea kila mjadala unapopamba moto. Nafasi isiyolipiwa na isiyo na ukomo humwendea anayewahi, na anayewahi si mgeni wa mnara. Mgeni huamka, huwaandaa watoto, husafiri, na kufika saa nne au saa tano asubuhi. Mfanyakazi wa ofisi za jirani na mwenye duka la mkabala wamekwisha kufika kabla ya saa mbili, na magari yao hayataondoka hadi jioni. Siwalaumu, kwa sababu yeyote kati yetu angefanya vivyo hivyo kama angeruhusiwa. Lakini hesabu yake inauma: kuutazama mnara, kusoma maandishi yaliyochongwa, kupiga picha na kuwaeleza watoto historia yake huchukua, tuseme, dakika 45, hivyo nafasi moja iliyoshikiliwa na gari moja kwa saa tisa ingeweza kuhudumia familia 12, moja baada ya nyingine. Mwenye duka anayelalamika kwamba tozo itamfukuzia wateja mara nyingi ndiye aliyeegesha mahali ambapo mteja wake angeegesha.

Aliyelichunguza suala hili kwa subira kuliko wengi alikuwa marehemu Donald Shoup, profesa wa mipango miji katika Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, aliyefariki mwaka 2025. Yeye na wanafunzi wake walipima muda ambao madereva waliupoteza wakitafuta nafasi katika Westwood Village, eneo dogo la biashara lililopakana na chuo chao. Walitumia baiskeli zilizofungwa vifaa vya kupimia umbali, kwa kuwa gari linalotafuta nafasi haliendi kasi kuliko baiskeli. Walipata wastani wa dakika 3.3 kwa kila gari. Ukiisikia dakika 3.3 peke yake utasema si kitu, na hapo ndipo wengi wetu tunapokosea. Dakika hizo zilikuwa sawa na mwendo wa takribani mita 800, na nafasi za kando ya barabara katika eneo hilo zilikuwa 470 tu, lakini kila nafasi ilipokea wastani wa magari 17 kwa siku, yaani magari yapatayo 8,000. Zidisha mita 800 kwa magari 8,000, utapata kilomita 6,400 kwa siku moja, ndani ya eneo ambalo mtu mzima hulitembea kwa miguu kwa dakika chache. Kwa mwaka, Shoup alikadiria kwamba mzunguko huo ulifikia zaidi ya kilomita milioni 1.5, umbali unaotosha kuizunguka dunia mara 38.

Nimeirudia hesabu hiyo mara nyingi, na kila mara kinachonishangaza ni kwamba hakuna dereva hata mmoja aliyefanya kosa. Kila mmoja alipoteza dakika tatu zake, akaegesha, akasahau. Hasara ilitawanyika vipande vidogo vidogo hata hakuna aliyeihisi kuwa hasara, isipokuwa aliyekuwa akivuka barabara, aliyekuwa akivuta ule moshi, au aliyekuwa ndani ya basi lililokwama nyuma ya msururu. Tena Westwood si mahali pa mnara wa kumbukumbu. Watu wa pale waliijua mitaa yao na walijua pa kujaribu kwanza. Mgeni anayekuja kuona mnara hajui kitu, anachokijua ni mnara wenyewe, nao unaonekana kutoka mbali na kumvuta auzunguke, kwa hiyo nina kila sababu ya kuamini kwamba dakika zake ni nyingi zaidi ya hizo.

Ni haki pia kusema takwimu hizi zina mipaka. Shoup alikusanya tafiti 16 zilizofanyika kati ya mwaka 1927 na 2001 katika miji 11, na wastani wake ulikuwa kwamba asilimia 30 ya magari yaliyokuwa barabarani yalikuwa yakitafuta pa kuegesha, kila moja likitumia takribani dakika nane. Asilimia hiyo 30 imenukuliwa kila mahali kana kwamba ni sheria ya maumbile. Sivyo. Watafiti walikwenda mahali walipotarajia kuikuta shida, na mtaa wenye nafasi tele una asilimia sifuri. Anayepinga tozo ana haki ya kuikataa namba hiyo ikitumiwa kueleza jiji zima. Lakini hapa hatuzungumzii jiji zima, tunazungumzia mitaa inayouzunguka mnara siku ya mapumziko, na hiyo ndiyo hasa aina ya mahali palipopimwa.

Jibu la haraka la wengi ni kuongeza nafasi. Gari lililoegeshwa huhitaji mita za mraba 12 hivi, lakini ukijumlisha njia ya kuingilia na kugeuzia, katika uwanja wa maegesho kila gari hula mita za mraba 25 hadi 30, hivyo magari 100 hudai mita za mraba 2,500 au zaidi, ilhali watu waliokuja nayo wangetosha katika mabasi manne au matano. Ardhi hiyo haipatikani kando ya mnara ila kwa kuuvua mnara mazingira yake. Piazza del Plebiscito mjini Naples, Italia, uwanja mpana wenye nguzo za kanisa upande mmoja na jumba la kifalme upande wa pili, ulikuwa maegesho kwa miongo mitatu hadi ulipoondolewa magari mwaka 1994, mji huo ulipokuwa mwenyeji wa mkutano wa mataifa tajiri. Walichokipata wenyeji baada ya magari kuondoka ni uwanja wenyewe, ambao wengi wa vijana wao hawakuwahi kuuona mtupu. Njia ya kuchimba chini ipo pia, na Millennium Park ya Chicago, iliyofunguliwa mwaka 2004, imekaa juu ya maegesho ya chini ya ardhi, lakini gharama yake ni kubwa, na mdomo wa maegesho hayo huendelea kuyavuta magari katika mitaa ile ile.

Kuhusu bei, kuna jambo ambalo wapinzani wa tozo hawalisikii mara nyingi. San Francisco ilipoanzisha mpango wake wa SFpark mwaka 2011, haikupandisha bei kila mahali. Iliziwekea sehemu mbalimbali bei tofauti, ikizipandisha pale palipojaa na kuzishusha pale palipokaa patupu, kwa lengo kwamba asilimia 60 hadi 80 tu ya nafasi ziwe zimekaliwa. Tathmini iliyotolewa mwaka 2014 ilionyesha kwamba wastani wa bei kwa saa ulishuka kwa senti 11 katika nafasi za kando ya barabara na kwa senti 42 katika majengo ya maegesho, na muda wa kutafuta nafasi ukapungua kwa asilimia 43 katika maeneo ya majaribio. Mtu anayetaka kuegesha mlangoni alilipa zaidi. Aliyekuwa tayari kutembea mitaa miwili alilipa kidogo kuliko zamani. Sioni ukatili katika mpango wa namna hiyo.

Hoja ya upande wa pili ninayoiheshimu kuliko zote ni ile ya kipato. Tozo haimuumizi tajiri, na familia iliyobana matumizi ili kuja kuona mnara mara moja kwa mwaka huihisi kila senti. Mahali pasipo na basi la uhakika, kumwambia baba wa familia hiyo aache gari nyumbani ni kumwambia asije. Vilevile, ukiziwekea bei nafasi za karibu na mnara bila kufikiria mitaa ya makazi iliyo nyuma yake, magari yatahamia huko, na mkazi atarudi kutoka kazini akute mgeni mbele ya mlango wake. Haya yametokea na yataendelea kutokea pale ambapo tozo imeletwa peke yake, kwa haraka, na kwa tamaa ya mapato. Ndiyo maana mimi hupendelea zaidi ukomo wa muda kuliko bei kubwa, kwa kuwa muda hauulizi mfuko wa mtu, ingawa ukomo usiosimamiwa hugeuka kibao tu kinachopigwa na jua. Na pale ambapo magari yamezuiwa kabisa, lazima pawe na chombo cha kumfikisha asiyeweza kutembea. Kule Agra, India, magari ya wageni huachwa mbali na Taj Mahal, na magari madogo ya betri huwachukua hadi karibu na lango.

Lakini hoja ya wazee na watu wenye ulemavu, inayotangulizwa mbele kila mara kutetea maegesho ya bure, kwangu inaelekea upande wa pili kabisa. Yule bibi niliyemwona akishushwa katikati ya barabara hakunyimwa nafasi na tozo. Alinyimwa na nafasi ya bure ambayo hakuna aliyeilinda, kwa kuwa mahali pasipolipiwa chochote mara nyingi hapana hata mtumishi mmoja wa kulisogeza gari la mizigo. Jiji linalokusanya tozo kandokando ya mnara linaweza kumlipa mtumishi huyo kwa fedha hizo hizo, likaacha nafasi nne au tano za mbele kabisa bila malipo kwa wenye kibali cha ulemavu, na likatenga mita 20 za ukingo wa njia kwa ajili ya kushusha na kupakia tu, gari lisizidishe dakika tano. Mpango wowote wa tozo unaoletwa mezani bila kuonyesha kwenye ramani mahali nafasi hizo zilipo, na bila kusema ni nani atakayesimama hapo siku za mapumziko, urudishwe ukaandikwe upya.