Breki za Mjomba

Baiskeli ya Mjomba haikuwa na breki ya mkononi hata moja, na hilo kwake lilikuwa jambo la kujivunia. Ni Schwinn ya Chicago, chuma kitupu, usukani mpana, kiti kimebebwa na springi. Aliachiwa na mwalimu mmoja Mmarekani aliyekuwa akifundisha Marangu enzi za ujana wake, na tangu hapo huipanda akiwa amekaa wima, kofia kichwani, kama mkuu wa majeshi anayekagua gwaride. Kuisimamisha ilikuwa kazi ya miguu: unarudisha pedali nyuma, breki iliyofichwa ndani ya habu, kile kitovu cha gurudumu, inabana, imekwisha. Mjomba amesimama hivyo maisha yake yote. Mikono, anasema, ni ya kusalimia watu.

Balaa lilianzia kwenye matairi. Ya zamani yalilika mpaka nyuzi zikachungulia, nikateremka Moshi mjini kutafuta mengine. Muuza spea akaniuliza saizi, nikamjibu kwa madaha: inchi 26. Akanipa ya baiskeli za mauntini, ubavuni yameandikwa 26, roho yangu nyeupe. Kumbe kuna 26 na 26. Ringi ya mauntini, pale tairi linapokalia, ina kipenyo cha milimita 559. Schwinn za aina ile walizitengenezea ringi yao wenyewe, milimita 571, labda ili mtu asinunue tairi kwa jirani. Fundi wetu habari za milimita hakuwa nazo. Yeye alichojua ni kwamba tairi limegoma. Alilivuta kwa vijiko, akalivuta kwa bisibisi, akalipaka sabuni ya kipande, mwisho akalipigia magoti huku akilitukana kwa Kichaga. Tyubu zilifia pale pale.

"Hapa dawa ni kubadili ringi," akasema, jasho likimtiririka.

Sasa rahisi ni kununua gurudumu zima, na gurudumu zima huja na habu yake, na breki yote ya Mjomba ilikuwa ndani ya habu ya zamani. Neno hilo hakulisema mtu. Tulinunua magurudumu ya mtumba ya alumini, la nyuma lina friwili ya gia 7, linang'aa mpaka unajiona. Halikuingia. Fremu ya zamani huacha nafasi ya milimita 110 hivi kwa habu ya nyuma, hili jipya lilitaka 135. Fundi akaleta jeki ya Corolla na kipande cha mninga, akaanza kuitanua fremu taratibu, chuma kikilia kwii, kwii, na Mjomba amegeukia migombani kwa uchungu. Chuma cha zamani kina subira, kilikubali. Ingekuwa fremu ya alumini tungeokota vipande.

Breki mpya zikafungwa za kubana ringi kwa juu, mikono yake mirefu ifike kule chini, na vishikio viwili vyeusi kwenye usukani.

"Mzee, breki sasa ziko hapa mkononi," fundi alimwambia.

"Sawasawa," Mjomba akaitikia bila kugeuza shingo. Alikuwa anachezea gia.

Jumapili yake kulikuwa na kipaimara cha mjukuu wa dada yake, Himo. Mjomba ni mzee wa kanisa, kwa hiyo aliendesha yeye. Mimi nilikaa kwenye keria, nimepakata ndoo ya mbege iliyofungwa mdomo kwa jani la mgomba. Anayeijua barabara ya kutoka Marangu kwenda Himo anajua kwamba ni mteremko, kisha mteremko, kisha kona, kisha mteremko wenyewe.

Mwanzo mambo yalikuwa matamu. "Hii sasa ni pikipiki!" Mjomba alisema. Watu walisimama kutazama. "Shikamoo mzee!" "Marahaba!" Mkono mmoja unapunga.

Ndipo nikasikia chini yangu, trrrrrrrr. Nikachungulia. Miguu ya Mjomba ilikuwa inazunguka kinyumenyume, na kadiri baiskeli ilivyozidi kwenda, ndivyo alivyozidi kuizungusha.

"Mjomba, shika breki!"

"Nimeshika!"

"Breki, Mjomba! Breki!"

"Nimeshika mpaka mwisho! Hii baiskeli yako haisikii!"

Na alikuwa anasema kweli tupu. Alibana kwa nguvu zake zote, ila kwa miguu, na friwili ukiirudisha nyuma inakuchekea tu. Vishikio vilikuwa mbele ya vidole vyake, lakini mkono mmoja ulikuwa umekamata kofia na mwingine, naapa, ulikuwa unamwitikia mama mmoja aliyetuamkia. Ningevifikia mimi kama ningeiachia ndoo. Lakini kwenye kipaimara cha Wachaga utaingiaje huna mbege?

Kona ikafika sisi hatujafika kwenye uamuzi. Upande wa pili alikuwepo mama wa mitumba, ametandika turubai na rundo la makoti ya baridi. Tuliingia humo mzima mzima. Ndoo ilipaa, ikageuka huko juu, ikanirudia kichwani. Nilipofuta ulezi machoni nilimwona Mjomba ameketi katikati ya rundo, hana hata mchubuko, shati limechanika mgongo mzima, na mkono mmoja umeingia kwenye mkono wa koti la theluji mpaka kwenye vidole. Kwa ufundi gani, sijui. Kofia ilikuwa kichwani.

Mama yule alitutazama kwa muda. "Poleni," akasema. Kisha, "Umelivaa baba, umelinunua. Na haya yaliyolowa?"

Tulilipia yaliyolowa. Himo kuna joto la kuchemsha chai juani, na Mjomba alikaa meza kuu ndani ya koti la theluji, zipu mpaka kidevuni, kwa sababu ya lile shati. Waliomuuliza aliwajibu kwamba Marangu siku hizi baridi imezidi. Mchungaji alininusa, akasogeza kiti chake kidogo.

Wiki iliyofuata fundi alimfungia gurudumu jipya la nyuma, 559, lenye breki ya kurudisha pedali. Gia zikaenda. Vishikio vya mkononi Mjomba alikataa visitolewe. Hutundikia mfuko wa nyama. Na kisa chenyewe anakisimulia kila penye watu, ila kwake kina maelezo mengine. Juzi nilimsikia pale kilabuni.

"Ya mbele nilibana mwenyewe," aliwaambia. "Ya nyuma nilimwachia huyu mjomba wangu. Si ndiye alikuwa amekaa nyuma?"

Wazee wote wakageuka kunitazama.